Kitenge cha Kwaya ya Ibanda

Sophie alimfunga mama yake saa tatu asubuhi, kabla wateja hawajajaa.

Hakumfunga kwa ubaya. Alichana utepe wa kitenge, upana wa vidole vitatu, akauzungusha kiunoni mwa mama yake, na ncha ya pili akaifunga kwenye mguu wa meza. Aliacha urefu wa kumtosha mtu kuinuka, kujinyoosha na kuketi tena. Kisha akaangaza kulia na kushoto kuona kama kuna aliyemwona. Nasifah, jirani yake aliyeuza viatu vya watoto, alikuwa ameona. Nasifah aligeuza uso, akaanza kupanga viatu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Mwanangu, kamba hii ni ya nini?" mama yake aliuliza. Nyumbani walizungumza Kinande, na hata hapa Kasese hawakukiacha.

"Si kamba, mama. Ni mkanda. Ndio mtindo wa sikukuu."

Mama Kyakimwa aliushika ule utepe, akaupapasa, akacheka kidogo. "Wasichana wa siku hizi," alisema, akatulia juu ya kigoda chake.

Ilikuwa tarehe ishirini na tatu Desemba. Barabara ile ya Nyamwamba yenye kumbi mbili za maigizo ilikuwa imefungiwa magari tangu Jumatatu, na meza za wachuuzi zilianzia kwenye mfereji wa maji machafu hadi kwenye mlango wa ukumbi mkubwa. Wiki hiyo vikundi vya maigizo na kwaya vilipokezana jukwaa kutwa nzima. Watu wa mgodini na wa viwanda vya saruji, waliokwisha kupokea mishahara, walikuja na wake zao na watoto wao; asubuhi wakanunua nguo, mchana wakaingia ukumbini. Kwa mchuuzi wa vitenge kutoka Bwera, mji wa mpakani, wiki hiyo moja ilishinda miezi mitatu ya kukaa sokoni kwao. Sophie hakuweza kuiacha, na mama hakuwa na wa kumwachia. Jirani aliyezoea kukaa naye alikuwa amekwenda kwao kwa Krismasi, na Jean-Bosco, mume wa Sophie, alikuwa ameanza asubuhi hiyo kibarua cha kupakia magunia ya kahawa huko Bwera, hadi mkesha wa sikukuu.

Tatizo la Mama Kyakimwa halikuwa miguu. Miguu yake ya miaka sabini na minne ilikuwa mizima. Akili ndiyo iliyokuwa ikivuja. Mara mbili mwezi wa Novemba walimkuta amevaa vizuri, amebeba kifurushi, anatembea kuelekea mpakani. Anarudi kwao Butembo, Kongo, alisema, ameacha maharage jikoni.

Saa nne hivi mwanamke mmoja mnene, mwenye mkoba wa ngozi, alisimama mezani. Jina lake alilitaja mwenyewe, kama watu wanavyotaja cheo: Madamu Tumushabe. Alikunjua kitenge kimoja, akakunjua cha pili, akauliza bei, akaguna. Alipoinama kutazama vilivyokuwa chini, macho yake yakafuata ule utepe kutoka mguu wa meza hadi kiunoni mwa mama mtu.

"Nini hii?" alisema. "Nyabo, umemfunga huyu mzee?"

"Pardon, madamu. Ni mama yangu. Anapotea."

"Anapotea, kwa hiyo unamfunga kama mbuzi wa Krismasi? Watu, njooni muone!"

Watu wakaja. Katika barabara ya maigizo watu hawahitaji kuitwa mara mbili. Msichana mmoja aliinua simu yake juu ya vichwa vya wenzake. Mtu akasema Wakongo ndivyo walivyo. Mwingine akasema hapana, ni shida. Mama Kyakimwa aliwatazama wote kwa tabasamu la mwenyeji asiyejua wageni wake wamefuata nini.

Sophie alipiga magoti, akaanza kufungua fundo. Lilikuwa limekaza, ikabidi atumie meno. Alipoinuka uso ulikuwa unamwaka moto. Madamu Tumushabe aliondoka bila kununua kitu.

"Kaa hapa, mama," Sophie alisema. "Tafadhali usinyanyuke. Leo umenichosha."

Maneno hayo ya mwisho yalimtoka kama mate. Mama yake alimtazama, akaitika, "Nimesikia."

Baada ya hapo wateja walimiminika. Msichana alitaka cha harusi, mwanamume alitaka cha mama mkwe na hakujua mama mkwe anapenda rangi gani. Sophie alikunjua, akapima, akakata, akarudisha chenji. Kila mara aligeuka kutazama kigodani. Ilipofika saa saba na dakika kidogo aligeuka, na kigoda kilikuwa kitupu.

*

Mwanzoni alitembea. Mtu hakimbii mara moja. Kukimbia ni kukubali. Alizunguka nyuma ya meza, akachungulia kwa Nasifah, akaenda hadi choo cha kulipia, akarudi.

"Nenda," Nasifah alimwambia. "Mimi nitaangalia meza yako. Nenda, dada, usisimame hapo."

Ndipo Sophie alipokimbia.

"Umeona mama muzee?" alimuuliza kila mtu. "Amevaa kitenge ya manjano na bulu, iko na maua makubwa."

"Hiyo kitenge?" muuza soda alimjibu. "Wamepita mingi. Watu kumi, ishirini."

"Hapana, moja tu. Muzee."

"Nakwambia wamepita mingi."

Msusi wa chini ya mwavuli naye alimpa jibu hilohilo, na mchoma ndizi vilevile. Sophie aliona wanamfanyia mzaha kwa sababu ya Kiswahili chake. Alifika mwisho wa barabara, magari yanapoanzia. Kulikuwa na basi dogo lililoandikwa Bwera, nusu limejaa. Alipanda, akatazama uso mmoja baada ya mwingine, akashuka. Utingo alimwambia kwamba jingine limeondoka dakika ishirini zilizopita, na ndiyo, ndani yake kulikuwa na wazee. Wazee hawakosekani.

Akampigia mumewe.

"Mama amepotea," alisema. "Bosco, mama haiko."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za watu wa magunia, kisha kelele zikawa mbali; mumewe alikuwa ametoka nje.

"Tangu saa ngapi?"

"Saa saba. Labda amepanda gari ya Bwera. Labda anaenda mupaka."

Jean-Bosco hakuuliza ilikuwaje. Alisema tu, "Miye naenda kusimama pale kwa pont ya mupaka. Kila gari yenye itakuja nitaiangalia. Weye tafuta huko. Usilie kwanza."

Mwisho wa barabara walisimama polisi wawili kivulini. Sophie alikuwa amewazunguka mara mbili, maana karatasi yake ya ukimbizi aliiacha Bwera, kwenye kopo la chumvi. Sasa aliwaendea moja kwa moja.

"Afande, mama yangu amepotea."

"Karatasi?"

"Iko Bwera, afande."

Polisi alimtazama mwenzake. "Kwa hiyo waliopotea ni wawili." Alipomaliza kucheka alitoa daftari. "Jina la mama? Umri? Haya. Asipoonekana, kesho urudi."

Kulikuwa na gari la matangazo ya sabuni limeegeshwa mbele ya ukumbi mdogo, na juu yake kijana mwenye miwani myeusi na kipaza sauti. Sophie alimwomba atangaze. Tangazo ni shilingi elfu kumi, kijana alisema. Sophie hakubisha, alitoa noti iliyokuwa mfukoni, akamtajia jina, rangi ya nguo, na kwamba mama hajui Kiswahili kingi.

"Haya haya, wapenzi wa Kasese!" kijana alipaza. "Kuna msichana kutoka Kongo amepotea, miaka sabini na nne, bado mpya kabisa! Mzee uliyempata, usimfiche nyumbani, mrudishe, ana wenyewe!"

Watu waliangua kicheko. Sophie naye alicheka, kwa midomo, kwa sababu kipaza sauti hakikuwa mkononi mwake. Aliogopa kwamba akikasirika kijana hatarudia, na alitaka arudie.

*

Aliyemfumbua macho alikuwa Syahuka, mzee aliyeuza karanga kwenye ngazi za ukumbi mkubwa. Sophie alikuwa ameketi ngazi ya chini kabisa, si kwa kupumzika bali miguu ilikuwa imekataa.

"Unatafuta nani, muwala?" mzee alimuuliza. Huko ndiko kumwita mtu binti.

Sophie alirudia, bila tumaini: muzee, manjano na bulu, maua makubwa.

"Si ndiyo nguo ya kwaya ya akina mama wa Ibanda?" Syahuka alisema. "Wameingia humu saa saba, mstari mmoja. Wa mwisho alikuwa anatembea polepole. Wenzake wakamshika mkono."

Sophie alimtazama mzee kana kwamba amempiga kofi. Mwanzoni mwa mwezi, kiongozi wa kwaya hiyo, mama mmoja aitwaye Atuhaire, alikuja hadi Bwera kununua vitenge vya sare, vya manjano na bulu. Kikabaki kipande kimoja. Sophie akamshonea mama yake. Kwa hiyo muuza soda hakuwa akimtania. Wote walikuwa wamemwambia ukweli tangu mwanzo: wamepita wengi.

Alipanda ngazi mbilimbili. Mlangoni alisimama Ojok, askari mstaafu, mrefu, kofia imenyooka kichwani.

"Simama hapo! Tikiti iko wapi?"

"Mama yangu eko ndani."

"Kila mtu iko na mama ndani. Tikiti!"

"Afande, sina pesa hapa, nimeacha kwa meza. Niache niangalie tu. Ni mugonjwa wa akili, anapotea, ameingia na kwaya..."

"Leo watu tisa wameniambia iko na mgonjwa ndani. Rudi nyuma. Hatua tatu."

Sophie hakurudi nyuma. Alifungua mdomo amwombe tena, na hapo kicheko kikubwa kikavuma kutoka ndani, mpaka vioo vya mlango vikatetemeka. Kicheko kilipopungua ilisikika sauti moja, nyembamba, kavu, inayokata maneno kama mtu anayekata mboga. Ilikuwa ikizungumza Kinande.

"Ni yeye," Sophie alisema. Alimshika Ojok mkono bila kujua. "Ile sauti. Ni yeye mama yangu."

Ojok aliutazama ule mkono uliomshika, kisha akatega sikio. Ndani ile sauti iliendelea, na watu wakacheka tena. Uso wake ulilegea kidogo, kwenye kona za mdomo.

"Huyo?" alisema. "Huyo ndiye mama yako?" Akasukuma mlango kwa bega. "Pita. Haraka. Pita pembeni, usizibe watu."

*

Ndani kulikuwa na giza na joto la watu mia tatu. Jukwaani taa zilimulika nyumba ya mabati ya kuigiza, meza, kitanda na ndoo. Kulia, kwenye mabenchi, waliketi akina mama wa Ibanda, wameshaimba zamu yao, wote manjano na bulu. Kati yao palikuwa na nafasi moja wazi.

Mwenye nafasi hiyo alikuwa amesimama katikati ya jukwaa.

Mchezo ulikuwa wa mume anayerudi nyumbani siku ya Krismasi baada ya miezi miwili kazini. Mshahara umeishia baa. Mkononi hana sukari wala nguo ya mtoto, ila miguuni ana viatu vipya vinavyong'aa. Mke anauliza, mume anakasirika, anainua mkono kumpiga. Hapo ndipo mchezo ulipotakiwa kuendelea, na hapo ndipo Mama Kyakimwa alipoinuka benchini.

"Nimesema shusha huo mkono," alikuwa akimwambia yule mume, kijana aliyeitwa Yowasi. Kinande cha Butembo na Lhukonzo cha Kasese ni ndugu wa tumbo moja. Ukumbi ulimwelewa neno kwa neno. "Shusha. Hivyo. Baba yako ni nani?"

Yowasi alitazama pembeni kutafuta msaada, hakupata. Lakini alikuwa mwigizaji hasa. Alishusha mkono, akainamisha kichwa. "Baba alikufa, mukaka," alisema, kama mjukuu anayemjibu bibi yake.

"Alipokufa alikuachia mkono huo wa kupigia watu?"

"Hapana, mukaka."

"Viatu hivi umenunua kwa pesa ya nani?"

"Yangu."

"Ya nani?"

"Yetu, mukaka."

"Vivue."

Yowasi alivua viatu, kimoja kimoja, na ukumbi ukapasuka. Wanawake walipiga vigelegele. Ampeire, aliyeigiza mke, alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, na haikujulikana kama analia au anacheka.

Sophie hakucheka. Alichoona ni watu mia tatu wakimcheka mama yake. Aliona simu zimeinuliwa, akamkumbuka Madamu Tumushabe na kijana wa gari la sabuni, na damu ikampanda. Alijipenyeza pembeni ya viti hadi kwenye ngazi za jukwaa, tayari kwenda kumshika mama yake na kumtoa. Mkono ukamzuia. Ulikuwa wa Arinaitwe, kiongozi wa kikundi cha maigizo, shati limemlowa jasho.

"Huyo ni mama yangu," Sophie alisema. "Ni mugonjwa. Hajue kama ni mchezo. Batu banamucheka."

"Nyabo, ngoja. Sikiliza vizuri," Arinaitwe alimnong'oneza. "Wanamcheka nani?"

Sophie alisikiliza. Mama yake aliuliza swali, ukumbi ukanyamaza kabisa. Mia tatu nzima wakimngoja. Yowasi alijibu, wakamcheka Yowasi. Mama yake aliinua kidole, wakanyamaza tena. Wanaume wa mstari wa mbele walikuwa wametazama miguu yao.

Na Sophie akamjua. Hakuwa yule mwanamke wa kigodani. Huyu alikuwa Mama Kyakimwa wa Butembo, ambaye majirani walimletea ugomvi wao uani Jumapili baada ya misa, mume huku, mke kule, naye katikati akichambua maharage bila kuinua macho. Sophie alidhani mtu huyo amekwisha. Kumbe alikuwepo wakati wote. Hakuna tu aliyemletea kesi.

"Na wewe binti!" Mama Kyakimwa alikuwa amemwona pale ngazini. "Mbona umesimama? Umechoka, hata macho yamekuingia ndani. Keti. Jamani, mpeni kiti."

Mama mmoja wa kwaya akasogea. Alikuwa Atuhaire. Sophie aliketi kwenye benchi la kwaya, mbele ya ukumbi mzima, na nguo yake ya kazi na chaki ya kupimia mikononi. Machozi yakaanza kumtoka, akaacha yatoke.

"Tulidhani ni wa kwaya ya parokia nyingine," Atuhaire alimwambia sikioni. "Ametukuta mlangoni, akaingia kwenye mstari. Halafu ameimba ubeti wote. Mimi mwenyewe nasoma kwenye karatasi, yeye hapana."

Mchezo ulimalizika Mama Kyakimwa alipoamua umemalizika. Aliwapatanisha mume na mke, akawaambia wapike chochote kilichopo, akarudi kwenye nafasi yake, akaketi, akaomba maji.

Sophie alitoa simu. Alikosea namba mara mbili.

"Nimemupata," alisema. "Bosco, nimemupata. Eko salama. Eko... eko anaamua kesi."

*

Saa kumi na moja walikuwa nje, kwenye ngazi, jua limelegea na vumbi limetulia. Arinaitwe alikuwa ameuliza kama mukaka anaweza kuja tena kesho, na Sophie amemjibu kwamba mama si mchezo, lakini akitaka kuja kuimba na wenzake, atamleta mwenyewe na kukaa naye. Nasifah alikuja mbio kuleta mfuko wa mauzo. Alikuwa ameuza vitenge vinne, na kimoja kwa bei ambayo Sophie hajawahi kuthubutu kuitaja.

Jean-Bosco alifika kwa boda kutoka Bwera, amekuwa mweupe kwa vumbi hadi kope. Hakumsalimia mkewe. Alikwenda kuchuchumaa mbele ya mama mkwe wake, akamtazama uso, mikono, miguu, kama mtu anayekagua mzigo uliotoka safari ndefu. Kiatu kimoja cha mama kilikuwa kimefunguka kamba. Aliifunga.

"Wewe mchafu sana," Mama Kyakimwa alimwambia kwa upole.

"Ndiyo, mama."

Alipoketi karibu na mkewe, Sophie alisema yale ambayo alikuwa ameyameza tangu mchana. Alisema kwa sauti ndogo, akitazama barabara. "Nilimufunga, Bosco. Kwa kitenge. Kwa muguu ya meza."

Jean-Bosco alipangusa vumbi kwenye kope.

"Juzi, weye ulikuwa hapa," alisema mwishowe, "miye nilifunga mulango na kufuli, nikaenda kunyoa. Yeye ndani. Niliporudi alikuwa anabisha hodi. Anabisha polepole, kama mugeni. Sikukuambia."

Sophie aligeuka akamtazama. Halafu, bila kujua nani alianza, walicheka, kicheko cha watu waliochoka chenye machozi ndani yake, wamegemeana mabega.

"Kesho siendi kwa magunia," Jean-Bosco alisema. "Tutakuja bote. Weye uza, miye nitakaa naye. Kama pesa ni kidogo, itakuwa kidogo."

Alinunua karanga za Syahuka, pakiti mbili za karatasi, moja akamwekea mama mkwe mkononi. Wakati huo waigizaji walikuwa wakitoka kwa mlango wa pembeni. Yowasi alipita mbele yao, uso ameshauosha, begani ana mfuko mtupu. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na alipanga chumba kimoja na mwenzake.

"Wewe!" Mama Kyakimwa alimwita. "Unakwenda wapi?"

Yowasi alisimama. Alimtazama Sophie, kisha Jean-Bosco, kisha akaja, akapiga goti moja kwenye ngazi.

"Naenda nyumbani, mukaka."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

Mama Kyakimwa aliitazama mikono yake, wa kulia, kisha wa kushoto. Akatikisa kichwa. Akachukua ile pakiti ya karanga, ambayo alikuwa hajaionja hata punje moja, akaikunja mdomo vizuri ili zisimwagike, akampa.

"Mtu harudi kwake mikono mitupu siku ya sikukuu," alisema. "Mpe mkeo."

Yowasi alipokea kwa mikono miwili. "Wasingya, mukaka," alishukuru, akainuka. Wakamtazama akienda, kati ya meza za viatu na za maua ya karatasi, hadi mwisho wa barabara yanapoanzia magari, na njia nzima hakuifungua ile pakiti.